Mpiga Dawa na Mitambuu ya Bi Mize

Aliyemwona kwa mara ya kwanza alidhani anatoka damu. Mdomo wake ulikuwa mwekundu pembe hadi pembe, na alipocheka, wekundu ule ulionekana mpaka kwenye fizi. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu kazi ya kuchora mtu yeyote wa Mgogoni wanayemjua. Wengi walimchora yeye. Walichora duara la uso, wakakandika rangi nyekundu mahali pa mdomo, na hapakuwa na haja ya kuandika jina chini.

Kijijini tulimwita Mpiga Dawa. Nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa kazi yenyewe aliiacha miaka mingi kabla ya watu kuliacha jina.

Wekundu ule ulitokana na uraibu. Kwa msomaji ambaye kwao hawatafuni, nieleze kidogo. Huchukuliwa jani la tambuu, likapakwa chokaa, juu yake vikatiwa vipande vya kokwa ya popoo na, kwa anayependa, tumbaku. Kisha hukunjwa likatiwa shavuni. Mate ndiyo yanayogeuka mekundu. Wapo wanaotafuna baada ya chakula tu. Yeye alitafuna akienda shamba, akirudi shamba, akingoja adhana. Siku moja nilimwona akilitoa shavuni ili aitikie vizuri salamu ya shehe, kisha akalirudisha.

Kazi yake ilikuwa bondeni. Bonde letu la mpunga limegawanywa majaluba, yaani vipande vidogo vyenye kingo za udongo, na kila jaluba lina wenyewe. Asiyewahi kupalilia mpunga asidhani ni kung'oa majani tu. Unainama asubuhi ndani ya maji, unautenga mche na gugu kwa vidole, na unapojinyoosha mchana mgongo hauamini kwamba umeruhusiwa. Kwetu kazi hii ni ya wanawake. Mama yangu aliifanya mpaka akawa anaswali kwa kukaa.

Kwa hiyo Mpiga Dawa alipotokea na bomba lake la mgongoni, lile la plastiki lenye mkono wa kupampu upande mmoja na fimbo ya kunyunyizia upande wa pili, wanawake walimpokea kama mtu aliyerudi Hija. Dawa aliyoitumia huchagua. Inaua magugu ya majani mapana na kuuacha mpunga, maana mpunga ni jamii ya nyasi. Asubuhi moja ya kazi yake iliokoa viuno vya nyumba nzima.

"Mgongo hauna spea, mama," aliwaambia. "Ukikatika, hata Konde madukani haupo."

Usoni alijifunga kanga asivute dawa, na kwa kuwa kanga ina maneno yake, maneno yalimkaa chini ya pua. Wanawake walikuwa wakimsimamisha njiani ili wamsome.

"Hebu geuka tukuone. Leo wasema nini?"

"Mie sisemi. Kanga ndiyo inayosema."

"'Wivu wako wakukondesha.' Haya! Umkondeshe nani weye na tumbo hilo?"

Alicheka nao, na wekundu ukapenya kwenye kitambaa. Lakini katika kazi hakuwa mtu wa mzaha. Hakugusa popoo kabla ya kunawa kwa mchanga na sabuni. Makopo matupu aliyatoboa kwa msumari, asije mtu akayatekea maji. Mwanamke mmoja alimwomba kopo la kutilia mafuta ya taa, akapewa hotuba badala ya kopo. "Dawa haina macho," alikuwa akisema. "Mie ndiye macho yake."

Hata hivyo, jaluba lake mwenyewe alilipalilia kwa mkono, ameinama kama wanawake waliokuwa wakimlipa ili wasiiname. Nilimuuliza kwa nini.

"Mpunga wangu nauzoea kwa vidole, Mwalimu," alinijibu. "Nikiupiga dawa, tutaonana lini?"

Jambo jingine lililokuwa likitushangaza ni hili. Mtu yule aliyezungumza na kila aliyepita, na kila mbuzi aliyefungwa njiani, hakuweza kabisa kupeleka habari mbaya. Ng'ombe wa Mzee Kombo, mmoja wa wazee wa mtaa wetu, alianguka korongoni akafa, na Mpiga Dawa ndiye aliyemwona wa kwanza. Akaenda kwa Mzee Kombo, akakaa barazani. Akazungumzia mvua. Akazungumzia karafuu. Akalisifu paa. Akaomba maji, akanywa taratibu. Mwisho Mzee Kombo alichoka.

"Yakhe, sema. Nani kafa?"

"Si mtu!" akajibu kwa furaha, kana kwamba hiyo ndiyo habari aliyokuja nayo. "Alhamdulillahi, si mtu!"

Tuliicheka hadithi ile kwa miaka. Yeye alijitetea bila haya. "Habari mbaya haina haraka," alisema. "Itakufikia tu, hata ukijificha. Njema ndiyo ya kuikimbiza." Tukaona ni hekima. Sasa nikilifikiria neno lile, naona lilikuwa ni woga uliovishwa nguo nzuri, nao ulikuwa woga wa mtu mpole, ambao ni mgumu kuugombeza.

Bi Mize alikuwa jirani yangu na jirani yake. Nyumba yake iko juu kidogo, na nyuma yake mteremko unashuka mpaka ukingo wa bonde. Mteremko ule wote ulikuwa mitambuu. Mtambuu ni mmea wa kutambaa, ndugu yake pilipili manga. Hupandishwa juu ya mti mwingine, unapenda kivuli na unyevu, na unamtaka mtu wa kuutazama kila siku. Yeye na mumewe waliipanda wakiwa vijana. Mume alipanda ngazi, mke alichuma ya chini na kutoa amri kwa aliye juu. Hakuna posa iliyotoka Mgogoni bila sinia la tambuu zao. Na mgeni hakukaa barazani kwa Bi Mize akaondoka bila kuletewa sahani ya tambuu.

Kwetu sahani ile ni zaidi ya ukarimu. Mwenyeji anapoiweka mbele yako, amekwambia kwamba kati yenu hamna kitu. Waliokosana husalimiana, maana salamu ni haki, lakini hawatafuni sahani moja.

Kila alasiri Mpiga Dawa alipotoka bondeni alisimama kwenye ukuta wa uani kwa Bi Mize.

"Bi Mize! Mdomo wangu umepauka!"

"Ungepauka na ulimi, tukapumzika."

"Jani moja tu, bibi yangu."

"Moja lako mwisho wake manne. Ngoja ninawe."

Juu ya ngazi mumewe alicheka, na ngazi ikacheka naye.

Mumewe huyo alifariki mwanzoni mwa masika, mpunga ukiwa ndiyo kwanza umeshika. Bi Mize akakaa eda. Kama unavyojua, mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Haendi shamba, haendi sokoni, wala hakai kuzungumza na wanaume wasiomhusu. Na kijijini kwetu watu huilinda nyumba ya namna hiyo. Hupunguza sauti wakipita, na habari nzito huziacha mlangoni pamoja na viatu.

Jaluba lake bondeni likabaki bila mtu. Magugu yakapanda, yakaanza kuufunika mpunga. Mpiga Dawa alilitazama kila alipopita, na siku moja akaamua kulipiga dawa. Hakuombwa wala hakulipwa, na hakumwambia mtu.

"Nilitaka atoke eda asiwe na la kuomba," aliniambia baadaye.

Asubuhi ya siku ile alikuwa kwenye hitima kijiji cha pili, kwa hiyo alishuka bondeni baada ya adhuhuri, jua likiwa limekaza. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza. Haukuwa mkali, ulikuwa wa kupoza jasho tu. Mpunga na magugu vilikuwa vimeshonana mno, na aliona akiingia atakanyaga mali ya marehemu. Basi alisimama juu ya ukingo. Akaifunga zaidi ncha ya fimbo mpaka dawa ikatoka nyembamba kama ukungu, akaiinua fimbo juu ya kichwa, ili ifike mbali. Na kwa kuwa magugu yalikuwa yamekomaa, alikuwa ameongeza dawa kidogo.

Nimelieleza hili darasani mara nyingi, na nitalieleza hapa pia, kwa sababu si yeye peke yake asiyelijua. Mwaga kikombe cha maji dirishani: yataanguka chini ya dirisha. Sasa chukua unga kiganjani uupulize: utaukuta kwenye nywele za jirani. Tone kubwa huanguka, tone dogo huelea. Ukiinua fimbo juu, tone linakuwa na safari ndefu kabla ya kufika chini, na safarini upepo mdogo tu unatosha kulibeba. Jua likiwa kali, dawa nyingine hupanda kama mvuke kutoka kwenye majani, hata baada ya mpigaji kurudi nyumbani kula. Mpiga Dawa aliuogopa upepo mkubwa, ule unaotikisa minazi. Huu mdogo, wa kupoza jasho, aliuona rafiki.

Rafiki huyo alitoka bondeni akapanda mteremko wa Bi Mize.

Siku chache baadaye alisimama kwenye ukuta kwa mazoea, akakumbuka kwamba hakuna wa kumwita, akachungulia mitambuu. Safu ya chini, iliyo karibu na bonde, majani yake yalikuwa yamejikunja kwa ndani kama vikombe vya kahawa. Vikonyo vilikuwa vimejisokota kama mkia wa kinyonga. Mpapai uliokuwa pembeni ulikuwa umetoa majani membamba kama vidole vya mgonjwa.

Wanawake waliokwenda kumwangalia mfiwa nao waliona. Mmoja akasema ni joto. Mwingine akasema ni husuda. Mwingine, na huyu ndiye aliyesikilizwa zaidi, akasema mitambuu inamlilia bwana wake. Mpiga Dawa peke yake alijua ni nini, maana ndivyo magugu yake yalivyokuwa yakifa kila msimu. Dawa ile haichomi. Huuamrisha mmea ukue ovyo, kila upande kwa wakati mmoja, mpaka mmea unajivunja wenyewe.

Naomba msomaji asimame hapa, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yametoka hapa. Siku ile safu za juu zilikuwa bado nzima. Mtambuu huzaliwa kwa kikonyo, yaani kipande cha shina lake. Ukikata vikonyo vizima, ukavifunga kwenye kitambaa cha maji na kuvipanda mahali pengine, umeokoa mbegu ya miaka yote. Lakini huwezi kukata mitambuu ya mtu bila ruhusa yake, na ili atoe ruhusa lazima aambiwe. Hapakuwa na haja ya Mpiga Dawa kuingia ndani. Mwanamke yeyote angelichukua neno.

"Nikasema, na amalize eda kwanza," aliniambia. "Mtu kafiwa na mume, nimpelekee na ya mitambuu? Nikaona ni adabu."

Masika ikazidi. Mitambuu iliyodhoofika ikashikwa na uozo wa shina, na uozo haukuuliza ni mti upi uliofikiwa na dawa na upi haukufikiwa. Ulipanda mteremko safu kwa safu, kama mtu anayepanda ngazi.

Siku Bi Mize alipotoka eda nilikuwepo. Alikoga, akavaa nguo mpya, na kabla ya kukaa na watu akashuka mteremko. Tuliokuwa uani tuliisikia fimbo yake ikigonga miti mitupu. Aliporudi alikuwa na majani machache kwenye upindo wa kanga. Akayapanga kwenye sahani, akatia popoo na chokaa, maana barazani walikuwa wamekuja majirani kusoma dua, na mgeni ni mgeni.

Mpiga Dawa alisimama mbele ya watu wote. Kwa mara ya kwanza hakupitia kwenye mvua wala karafuu.

"Bi Mize, mitambuu nimeiua mie. Nilipiga dawa jaluba lako, upepo ukapanda nayo."

Bi Mize akauliza, "Ulijua lini?"

"Mwanzo kabisa."

"Ya juu ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

Hakuuliza la tatu. Alimpa sahani mtu wa kwanza, ikazunguka baraza mkono kwa mkono. Ilipomkaribia Mpiga Dawa, Bi Mize mwenyewe aliinuka, akaipokea, akaipitisha mbele ya magoti yake, na kuiweka kwa aliyefuata.

Tangu siku ile Mpiga Dawa hakutafuna tena. Tambuu hazikukosekana, Konde zipo, na Chake zipo. Hakutafuna tu. Wekundu uliondoka kidogo kidogo, kwanza kwenye midomo, kisha kwenye fizi, akabaki na mdomo wa rangi ya majivu ambao sikuuzoea. Watoto wa madarasa ya baadaye walimchora kwa penseli.

Bomba alilitundika ukutani. Haikupita muda wanawake wa bondeni wakaenda kwake kwa pamoja.

"Kwa hiyo kosa lako tulilipe sie kwa viuno?" aliuliza mmoja wao, mama mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo.

"Mie dawa sipigi tena."

"Basi tupe bomba, tupige wenyewe. Mwiko ni wako, si wetu."

Walikuwa na haki. Anayemwambia mwanamke arudi kuinama kutwa ndani ya maji, basi aanze kwa kuinama naye. Akawapa bomba, lakini kwanza aliwafundisha kila alichokijua, na zaidi alichokijua kwa kuchelewa. Wapige alfajiri, kabla jua halijakaza. Fimbo iwe chini, usawa wa goti. Dawa itoke matone, isitoke ukungu. Ukingo ulio karibu na mazao ya mwenzako upaliliwe kwa mkono. Na kila jaluba akalisimamishia kijiti, juu yake akafunga kipande cha utepe uliotolewa kwenye kaseti kuukuu. "Utepe ukilala, piga," alisema. "Ukiinuka hata kidogo, nenda kanywe chai."

Kisha akawa anapita bondeni kila alfajiri kuangalia tepe. Uliokatika aliufunga upya. Aliyemkuta anapiga huku utepe umeinuka, alisimama mbele yake, mikono nyuma, mpaka yule mtu akaona haya. Walimwita Polisi wa Upepo. Hakukasirika. "Polisi halipwi mshahara mkubwa," alisema, "lakini analala vizuri." Sidhani kama alilala vizuri. Nilimsikia akikohoa usiku, na taa yake ilichelewa kuzimwa. Lakini bamia za watu zilipona miaka ile, na mipapai ilizaa, na nawaambia wanafunzi wangu mpaka leo kwamba utepe wa kaseti ni chombo cha kilimo.

Kwa Bi Mize alipita kila siku akatoa salamu, na kila siku ikaitikiwa. Jambo jingine halikuwepo. Mara moja alikwenda mpaka kwa rafiki yake aliyeko Micheweni, akarudi na vikonyo vya mtambuu kwenye kitambaa cha maji, akaviweka juu ya ukuta wa Bi Mize. Vikakaukia pale pale. Msimu uliofuata akaleta tena. Vikakauka tena. Nilikuwa nikiviona nikienda skuli, vimelala juani kama vidole.

Lakini kimoja kilianguka upande wa ndani, penye kivuli na maji ya kuoshea vyombo, kikatia mizizi. Bi Mize hakukipanda, wala hakuking'oa. Kikashika ukuta. Siku moja nikaona amekisimamishia mti. Baada ya misimu kadhaa palikuwa na mitambuu michache inayoshuka mteremko, na Bi Mize, macho yake yakiwa yameanza kufanya ukungu wa mtoto wa jicho, alikuwa akiipapasa asubuhi kama mtu anayewahesabu watoto waliolala. Mpiga Dawa aliiona. Utepe wa jaluba lililo chini ya mteremko ule akawa anaubadilisha kabla haujachakaa.

Kisha kifua kikamzidi. Bintiye alimchukua akamweka kwake Tibirinzi, karibu na hospitali. Bondeni tepe zikakatika moja moja, na hakuna aliyekumbuka kuzifunga.

Nilipokuwa najitayarisha kwenda kumwangalia, Bi Mize aliniita ukutani. Alinipa kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba.

"Mpe yule mtu."

"Yupi, Bi Mize?"

"Yule wa maneno mengi. Najua meno hana, mwambie alitwange." Akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Mwambie mdomo wake umepauka."

Nilikwenda Tibirinzi nikiwa nimelishika jani lile kwa mikono miwili kama yai.

Nilimkuta ameegemezwa kwenye mito, amekonda, kofia imemkaa kubwa. Nilimpa, nikamwambia maneno yale kama nilivyoambiwa. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, na macho yakamjaa machozi. Bintiye, ambaye alikijua kisa chote, alikimbilia jikoni akaja na kinu kidogo cha shaba cha kutwangia uraibu, alichokuwa nacho marehemu mama yake.

Mpiga Dawa alilifungua jani la mgomba taratibu. Ndani mlikuwa na jani moja la tambuu, changa, la kijani kinachong'aa. Akaliweka kiganjani. Kicheko kikakoma. Akalisogeza dirishani kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba pembeni mwa jani.

"Kalichuma lini?"

"Leo asubuhi."

"Kwa macho?"

"Kwa vidole. Macho hayaoni vizuri tena."

Akaninyooshea. Pembe za jani zilikuwa zimeanza kuinuka kwa ndani. Kidogo sana. Mtu asiyejua angesema limenyauka kwa safari. Mimi nilijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kujua. Bondeni mtu alikuwa amepiga dawa upepo ukivuma.

Msamaha alioungoja miaka yote ulikuwa kiganjani mwake, na kinu kilikuwa tayari. Angeweza kulitafuna. Mimi nisingesema kitu. Pengine ningejidanganya kwamba ni jua la njiani.

"Rudisha kinu," alimwambia bintiye. "Nipe kanzu."

"Baba, wenda wapi? Daktari kasema ulale."

"Mgogoni."

Nilimwambia simu ninayo mkononi, tumpigie Bi Mize sasa hivi, yeye apumzike. Alitikisa kichwa.

"Ile mara ya kwanza nilikaa nikaona ni adabu, Mwalimu. Nipe kanzu, mwanangu. Hii ina haraka."

Mkwewe alitupeleka kwa gari lake, na bintiye akakaa naye nyuma, amemshika. Alipofika kwenye ukuta hakuwa na pumzi ya kuita. Niliita mimi. Bi Mize alitoka akipapasa, akasimama upande wa ndani.

"Bi Mize," alisema, na kila neno lilikuwa na kituo chake. "Jani lako limejikunja. Watu wamepiga dawa na upepo. Ya chini imeshafikiwa. Ya juu huenda bado. Tukate vikonyo leo."

Akampa jani. Bi Mize alizungusha kidole gumba kwenye ukingo wake, mara mbili.

"Nilihisi," alisema. "Nikadhani ni vidole vyangu vimezeeka."

"Si vidole."

"Leo leo?"

"Leo leo."

Bi Mize alilifumba jani kwenye ngumi. Kisha akaniambia nilete kisu.

Nilikata mimi. Bi Mize alinitangulia mti kwa mti, akipapasa majani na kusema "huu, ndiyo", "huu, uache". Mingi tuliiacha. Mpiga Dawa alikaa kwenye kibao penye kivuli, kanga iliyoloweshwa maji ikiwa mapajani, na nilikuwa namletea vikonyo akivipanga kimoja kimoja, vichwa upande mmoja. Vikonyo vile vipo uani kwangu leo, upande wa nyumba usiotazama bonde. Vingine vimeshika na vingine havikushika. Tepe za bondeni tunazifunga na wanafunzi wangu, ingawa hazimtii mtu haya kama alivyofanya yeye.

Tulipomaliza, Bi Mize alichuma jani moja kwenye mti wa juu kabisa, akalinusa, akalipitishia kidole pande zote. Aliingia ndani. Tukasikia kinu. Hakumtuma mtu, alitwanga mwenyewe, na alichukua muda. Akatoka na sahani, akaitafuta njia kwa mguu mpaka kwenye kibao, akaiweka sahani mbele ya magoti ya Mpiga Dawa.

Yeye alitafuna kwa fizi, macho ameyafumba, na Bi Mize alikaa kwenye kizingiti mpaka alipomaliza.

Ndiyo mara yangu ya mwisho kumwona. Walipomrudisha kwenye gari, bintiye aliona doa jekundu kwenye pembe ya mdomo wake, akanyoosha leso amfute.

Alimshika mkono.

"Liache," alisema.